Nilishuhudia kanisani kwamba siogopi tena ziwa, na bado naogopa

Shikamoo mama mshauri. Bwana Yesu asifiwe.

Naandika barua hii usiku. Watoto wamelala na mume wangu yuko kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Nina miaka 36, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, na naimba kwaya tangu nikiwa msichana. Kwetu ni Ukara, kile kisiwa kidogo kilicho mbele ya Ukerewe. Mama yangu bado anaishi huko, kwenye mji ule ule alioolewa, na ng'ombe wake wawili anaowafungia ndani na kuwakatia majani.

Mimi ni mtoto wa ziwa, mama. Kasia nililishika kabla sijashika kalamu. Hata mwaka 2018, kivuko kilipopinduka pale Bwisya, kwetu Ukara, nilivuka kwenda kuzika. Nililia kama wenzangu, lakini maji sikuyaogopa.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka msibani Ukara. Tulichelewa kivuko, na Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa, basi tukapanda mtumbwi wa mashine. Katikati ya maji upepo ukageuka, mashine ikazima, mawimbi yakaanza kuingia ndani. Maboya hayakuwepo. Tulipopinduka nilikuwa nimemshika mwanangu wa miaka minne kwa mkono mmoja na binti wa mama mdogo kwa mkono mwingine. Wavuvi walitufikia, sijui baada ya muda gani. Binti wa mama mdogo alipatikana siku ya pili.

Tangu siku hiyo sijavuka. Si kwamba sitaki. Nikisikia tu harufu ya ziwa asubuhi, moyo unaanza kwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, pumzi inakata, naona kabisa kwamba nakufa. Bodaboda ikizimika ghafla barabarani nashtuka hadi naangusha nilichobeba. Mvua ikipiga mabati usiku naamka kuwahesabu watoto, wakati wapo wawili tu.

Kanisani wamenihangaikia kwa upendo, sitaki kusema vinginevyo. Kwenye mkesha wa mwezi wa tano mchungaji aliniita mbele, akaniwekea mikono, akaikemea roho ya woga. Kanisa zima lilikuwa linaomba kwa sauti. Nilitetemeka, nikalia, nikaanguka. Nilipoinuka nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua ndoo. Nikapewa kipaza sauti, nikasema: "Nimefunguliwa. Siogopi tena ziwa." Vigelegele vilipigwa hadi majirani wakatoka nje. Mama, saa ile sikuwa nadanganya. Au nilikuwa nadanganya? Mpaka leo sijui.

Wiki mbili baadaye nikapanda basi kupitia Bunda hadi Kisorya, peke yangu, nikiwa na furaha. Pale maji ni mafupi, Rugezi ya upande wa Ukerewe unaiona kwa macho. Kivuko kilipofika kikashusha ule mlango wake wa chuma, ukagonga chini, na magoti yangu yakaisha nguvu pale pale. Mama mmoja muuza samaki alinikalisha juu ya ndoo yake akanipepea kwa kanga. Kivuko kikajaa, kikaondoka. Nikapiga simu Ukara nikasema mtoto ana homa, nimegeuzia njiani. Mume wangu nikamwambia nimeitwa shuleni kwa dharura. Kwaya nikawaambia nimevuka.

Mwezi wa nane mama alipata kiharusi. Si kikubwa, anaongea, lakini mkono wa kulia hauinuki. Kuhamia Mwanza hataki hata kusikia. Wifi yangu ndiye anayemwogesha. Kaka yangu amenitumia ujumbe: "Mama anakuulizia kila siku. Subiri tu, utakuja kuvuka siku ya kumzika." Juzi mwanangu, yule yule niliyekuwa nimemshika, ameniuliza, "Mama, hivi bibi anakaa nchi gani?"

Na bado kuna mawili. Mwezi wa kumi na moja tuna semina ya akina mama, na mchungaji amenipangia kutoa ushuhuda wangu mbele ya wageni. Halafu kuna dada mmoja kwenye kikundi chetu cha maombi. Baada ya kujifungua alipatwa na hali ya kulia na kuogopa kubaki na mtoto peke yake, akapewa vidonge hospitali. Amenishika mkono Jumapili akaniambia: "Ushuhuda wako umenijenga. Na mimi nimeacha dawa, nasimama kwa imani." Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Nilimdokezea mume wangu. Akasema, "Ushuhuda haurudishwi, mke wangu. Ushikilie, utatimia. Na usimwaibishe mchungaji." Ni mtu mwema, hakusema kwa ubaya.

Naomba unisaidie. Kama kweli Mungu hakutupa roho ya woga, hii niliyo nayo nimepewa na nani? Nivuke kwa nguvu, liwalo na liwe? Nisimame niseme ukweli na kuivunja imani ya wengine? Au ninyamaze?

Mtoto wa Ziwa, Mwanza

*

Marahaba mwanangu. Ameni.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilisimama kwenye sentensi moja, nikakaa nayo mchana kutwa. Nitaifikia. Lakini kabla ya yote tuanze na huyo dada wa dawa, kwa sababu mambo mengine uliyoniuliza yanaweza kusubiri wiki moja au mbili, na la kwake halisubiri.

Dawa za namna ile hazikatwi ghafla, na mwanamke aliye katika hali uliyoieleza, mwenye mtoto mchanga mikononi, anaweza kuzidiwa kwa siku chache tu. Huhitaji kusubiri semina wala ruhusa ya mtu. Nenda kwake. Kaa naye, mbebee mtoto, umwambie kwa maneno yako: "Dada, nilisema nimepona, na bado sijapona. Nilifika Kisorya nikashindwa. Usiache dawa kwa ajili yangu. Twende nikusindikize hospitali, wakushauri wao." Kama haya ni magumu yote kwa pamoja, mwambie hata nusu yake, ila ile nusu ya dawa usiiache. Na kama anasema maneno ya kutaka kufa, au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata saa moja, na aende hospitali siku hiyo hiyo. Nakuelekeza hivi moja kwa moja kwa sababu naamini hata wewe ulishajua. Kilichokunyima usingizi tangu Jumapili ni upendo wako kwake. Hukuniandikia ili nikuambie unyamaze.

Sasa tukae chini tuongee, wewe na mimi.

Nikikuelewa, unajiona umesimama mbele ya milango miwili na yote inakuumiza. Ukivuka, mwili unakataa. Usipovuka, mama yako anazeeka na kuugua bila wewe. Ukisema ukweli, unaona utawavunja walioshangilia. Ukinyamaza, unabeba uongo kifuani hadi madhabahuni. Na chini ya hayo yote kuna hofu kubwa kuliko ile ya maji: kwamba huenda imani yako haikuwa imani tangu mwanzo.

Hilo la mwisho naomba tulitazame taratibu, maana ndilo linalokutesa zaidi na ndilo ninaloliona lina msingi mwepesi kuliko yote.

Umesomewa 2 Timotheo 1:7, "Maana Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu, na ya upendo, na ya moyo wa kiasi." Ni neno la kweli na nimelishikilia mwenyewe katika siku mbaya. Lakini aliyeliandika ni Paulo, na Paulo huyo huyo aliwaandikia Wakorintho hivi: "Nami nalikuwako kwenu katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi." Kwa hiyo mtu aliyesema hatukupewa roho ya woga alijua kutetemeka ni nini, na hakuona aibu kuliweka kwenye barua isomwe na kanisa zima. Lugha yetu nayo inatusaidia hapa. Woga ni tabia, ni ile hali ya mtu kuikimbia kazi aliyopewa. Hofu humpata mtu, kama baridi au njaa inavyompata. Wewe uliyemshika mtoto juu ya maji mpaka wavuvi wakafika, sikuoni kama mwoga. Nakuona kama mtu aliyepatwa na jambo la kutisha, na mwili wake bado haujaamini kwamba limekwisha.

Utaniambia, mbona Yesu aliwaambia wanafunzi, "Mbona mmekuwa waoga? Hamna imani bado?" Bila shaka mmeshaimba hilo kwaya. Rudi uisome tena Marko 4, kwa jicho la mtu aliyewahi kukaa kwenye mtumbwi unaojaa maji. Watu wale, na baadhi yao walikuwa wavuvi wazoefu, walipiga kelele: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Yeye akaamka, akaukemea upepo, akaiambia bahari, "Nyamaza, utulie." Kukawa shwari. Ndipo akauliza lile swali. Hakuwauliza wakiwa wanazama. Aliwatuliza kwanza, wakapumua, kisha wakaongea habari za imani. Sisi kanisani mara nyingi tunaanza na swali, halafu tunamwachia mtu dhoruba yake. Sisemi hivi kumlaumu mchungaji wako, maana alichokuwa nacho ni maombi na alikupa kwa moyo wote. Nasema tu kwamba kwako dhoruba haijatulia bado, na unajibishwa maswali ya baada ya shwari.

Mimi nilizaliwa kando ya ziwa hili hili, upande wa Musoma. Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa, wa karabai na usiku wa giza. Kulikuwa na siku anakwenda hadi kwenye mtumbwi, anatazama mawingu ya upande wa maji, ananusa upepo, halafu anarudi kukaa chini ya mwembe kushona nyavu. Ziwa letu tabia yake ndiyo hiyo, dhoruba zake kali hupenda usiku na alfajiri. Vijana walimcheka. Lakini Jumapili alikuwa kanisani akiwa hai, na sikuwahi kumsikia mtu akimwambia hana imani. Hofu yake ilikuwa sehemu ya ufundi wake.

Nakuambia hivi kwa sababu ndani ya hofu yako kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja, na kuyafungua ni kazi yenye faida. Moja ni maarifa. Kila familia ya pwani ya ziwa hili inaijua ajali ya meli ya MV Bukoba ya Mei 1996. Tunaijua MV Nyerere ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko kilichojengwa kubeba watu 101, kikazama karibu kabisa na gati la Bwisya na kuua zaidi ya watu 220. Mtu wa Ukara anayeuliza "chombo hiki kimebeba wangapi? maboya yako wapi?" hamkosei Mungu. Shetani alipomwambia Yesu ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu, alimnukulia Zaburi, tena Zaburi nzuri ya malaika kumlinda mtu. Jibu lilikuwa, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Kwa hiyo lile la "nivuke kwa nguvu, liwalo na liwe" uliloandika, mimi lingenipa mashaka hata kama lingeitwa imani. Kupanda mtumbwi uliojaa, bila boya, ili kuthibitisha ushuhuda, sijui kama ndicho Mungu anachokutaka.

Jambo la pili lililofungwa humo ni jeraha. Moyo kwenda mbio, ganzi ya vidole, pumzi kukata, kushtuka pikipiki ikizima kama ilivyozima mashine ile, kuamka mvua ikipiga mabati: hayo madaktari wanayajua na wana jina lake, kiwewe. Huwapata askari, huwapata waliookoka ajalini, huwapata mama waliopitia uzazi mgumu. Hayapimwi kwa wingi wa maombi ya mtu. Na yanatibika, mara nyingi kwa mazungumzo ya mpangilio na mtaalamu na kuzoezwa kidogo kidogo kile kinachokutisha, wakati mwingine na dawa. Najua kwetu mtu akitajiwa kliniki ya afya ya akili anasikia "Mirembe" na anafunika uso. Lakini wewe uko Mwanza. Bugando iko juu ya kilima unakiona kila siku, hospitali iliyojengwa na inayomilikiwa na kanisa, ingawa huenda si kanisa lako. Wala Mungu hajawahi kudharau mwili. Eliya alipokimbia kwa hofu na kuomba afe, akalala chini ya mretemu, malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate na anywe maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale tena.

Sasa ile sentensi.

Uliandika: "nilikuwa nimemshika mwanangu wa miaka minne kwa mkono mmoja na binti wa mama mdogo kwa mkono mwingine." Halafu ukaandika kuhusu wavuvi. Halafu, "Binti wa mama mdogo alipatikana siku ya pili." Baada ya hapo hukumtaja tena. Umetaja mchungaji, kwaya, semina, wifi, hata mama muuza samaki na ndoo yake. Yeye hukurudi kwake.

Huenda nakosea, na kama nakosea nisamehe. Lakini nimejiuliza kama kinachokukalia pale gatini ni maji peke yake. Nimejiuliza kama kuna mkono ulioteleza kutoka mkononi mwako, na kama umewahi kumwambia mtu yeyote, hata mumeo, jinsi ilivyokuwa. Kama mama mdogo yuko Ukara, basi kuvuka kwako maana yake ni kukutana naye uso kwa uso. Huo nao ni mzigo, wala hautolewi kwa kukemewa, kwa sababu si pepo. Ni msiba ambao haujaliliwa ukaisha. Binadamu mwenye mikono miwili, ndani ya mawimbi, na mtoto wa miaka minne, alifanya ambacho mwili wa mwanadamu unaweza. Hili ukilisoma kwenye safu halitakutosha, nalijua. Inabidi ulisikie kwa sauti ya mtu aliye mbele yako, na wewe ukiwa umeshasema yote. Pengine ni mtaalamu. Pengine ni mumeo, siku moja watoto wakiwa wamelala. Pengine, ukiwa tayari, ni mama mdogo mwenyewe.

Turudi kwenye ushuhuda. Umeniuliza kama ulidanganya. Mimi naona siku ile ya mkesha uliinuka ukiwa mwepesi kweli, na ukasema ulichojisikia. Watu wengi huombewa wakapata faraja ya kweli, ambayo ni mwanzo tu wa njia, wakaitangaza kama mwisho wake kwa sababu kipaza sauti kililetwa mapema. Uongo ulikuja baadaye, ule wa homa ya mtoto, wa shuleni na wa kwaya. Huo nao nauona kama uongo wa mtu aliyebanwa ukutani, ingawa sikuambii hauna uzito, maana wewe mwenyewe unauhisi.

Nini cha kufanya nao? Nakuwekea ninavyoona, uchague wewe unayewajua watu wako.

Unaweza kunyamaza na kuomba usipangiwe semina. Ni rahisi kwa sasa na haimwaibishi mtu. Hatari yake ni kwamba ushuhuda ule unaendelea kutembea bila wewe, na huyo dada wa dawa huenda si wa mwisho. Tena siri huilisha hofu. Kila ukipita mbele ya kwaya unakuwa na kitu cha pili cha kuogopa.

Unaweza kumwendea mchungaji faraghani, kabla ya semina, pamoja na mumeo kama atakubali. Mumeo anaogopa aibu ya mchungaji, lakini sijasoma popote kwenye barua yako kwamba kuna mtu amemuuliza mchungaji mwenyewe. Huenda atakasirika. Huenda atakuambia imani yako ndiyo iliyopungua, na hapo utaumia, kwa hiyo usiende siku ambayo huna mtu wa kurudi kwake. Lakini huenda pia ni mtu ambaye amezika watu wa ziwa hili kwa miaka, na ana hofu zake ambazo hakuna mshirika aliyewahi kumpa nafasi ya kuzisema.

Au unaweza kusimama kwenye hiyo semina na kutoa ushuhuda mwingine: kwamba uliombewa ukapata nguvu ya kufika Kisorya, mahali ambapo hukuwa umefika kwa miaka mitatu, kwamba pale magoti yaliisha nguvu, na kwamba bado uko njiani. Fikiria akina mama watakaokuwa wamekaa pale, wangapi wana Kisorya yao. Lakini usifanye hivyo kwa kulazimishwa na mimi wala dhamiri inayokuchapa. Jambo likisemwa mbele ya watu kabla halijasemwa faraghani, linaweza kukurarua. Na mume wako asilisikie pale kwa mara ya kwanza.

Kuhusu mumeo, neno moja. "Ushikilie, utatimia" ni neno la mtu anayekupenda na asiyejua la kufanya. Kuna yule baba wa kwenye Marko 9 aliyemleta mwanawe kwa Yesu akasema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Alisema vyote viwili kwa pumzi moja, mbele ya umati, na mtoto akapona. Msomee mumeo hapo. Usimsomee kwa kumjibu. Msomee tu.

Na mama yako. Kaka amesema mama anakuulizia. Hakusema anakuulizia nini. Umeshamwambia mama yako, yeye mwenyewe, kwa simu, kwamba unaogopa? Mama wa Ukara, aliyeishi maisha yake yote amezungukwa na maji, na aliyeona mwaka 2018 ni majeneza mangapi yalipangwa pale Bwisya. Nina wasiwasi kwamba unamficha jambo ambalo yeye angelielewa upesi kuliko sisi sote. Pengine anadhani umemsahau, wakati ukweli usingemuuma kama hilo. Wifi anaweza kukupigia kwa simu ya picha jioni anapomaliza kumwogesha, na mwanao akamwona bibi na ng'ombe wake. Si sawa na kumshika mkono, najua.

Kuvuka kwenyewe, kama utaamua, hakulazimiki kuwa safari moja ya ushujaa. Ulikwenda Kisorya peke yako, na mzigo wa ushuhuda mgongoni. Ingekuwaje ukienda na mtu mmoja unayemwamini, siku hiyo mkakubaliana kwamba hamvuki? Mnakaa gatini, mnakula samaki, mnatazama kivuko kikija na kuondoka, mnarudi. Safari nyingine mnapanda kikiwa kimefungwa gatini, mnashuka. Mtaalamu akikuongoza hatua hizo ni bora zaidi, kwa sababu ukijisukuma kupita kiasi unaweza kurudi nyuma. Kisorya hadi Rugezi ni mafupi. Bugolora hadi Bwisya, kutoka Ukerewe kwenda Ukara, hayo ni mengine, na ndiyo yenye kumbukumbu zako, yasikupe haraka. Chagua kivuko chenye maboya, vaa boya hata kama wengine wanakutazama. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, huwa wanautoa pia wa Ziwa Victoria. Hatari ya njia hii ni muda. Afya ya mama haisubiri mpango wetu, na sitakuficha kwamba unaweza kuwa hujafika Bwisya bado. Hatari ya kujilazimisha kesho nayo ni kwamba ukizidiwa katikati ya maji, huenda usijaribu tena kwa miaka. Kati ya hizo mbili siwezi kukuchagulia, mwanangu. Ila usiipime peke yako. Kaka yako naye auelewe ukweli wote kabla hajakutumia ujumbe mwingine kama ule.

Zaburi ya 56 ina mstari ambao nimeupenda tangu nilipobaki mjane: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Sikuona pale panaposema kwanza hofu iishe. Kutumaini na kuogopa vimewekwa siku moja. Jaribu kuuomba pale gatini, ukiwa umekaa na huyo mtu wako, bila kujidai chochote.

Nitafurahi ukiniandikia tena, hata kwa mistari michache, na hata kama hujafika popote. Anza na habari za yule dada na mtoto wake.

Wako,
Mama Mshauri